Msaada kwa Afghanistan: Hesabu Hutolewa kwa Nani?



Mwezi Oktoba mwaka 2001, wananchi wa Afghanistan waliinua macho wakaona vitu vya aina mbili vikishuka kutoka angani. Vya kwanza vilikuwa vifurushi vya chakula, vyenye rangi ya manjano, vilivyodondoshwa na ndege za Marekani kwa ajili ya watu waliokwisha kuchoshwa na vita na ukame. Vya pili vilikuwa mabomu ya aina ile inayopasuka na kutawanya vibomu vidogo vidogo, na vibomu hivyo navyo vilikuwa vya rangi ya manjano. Ikabidi Marekani yenyewe itangaze kwa njia ya redio, katika lugha za wenyeji, kuwaonya watu wasichanganye kile cha kula na kile cha kuua. Hatimaye rangi ya vifurushi ikabadilishwa.

Hatuanzi na habari hii kwa nia ya kumdhihaki yeyote. Tunaanza nayo kwa sababu ndani yake limo swali lote tunalotaka kulitafakari pamoja nanyi: mkono unaotoa mkate ukiwa ndio mkono unaorusha moto, je, anayepokea mkate huo amesaidiwa kwa ajili yake mwenyewe, au kwa ajili ya mambo ya mwenye mkono?

Swali hili si la mbali kama linavyoonekana. Mapema mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake mingi ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likakoma kufanya kazi. Hata hapa kwetu Tanzania huduma zilizotegemea fedha hizo, zikiwemo za wagonjwa wa UKIMWI, ziliguswa. Tangu wakati huo tumesikia kauli mbili katika mazungumzo ya waamini. Wako wanaosema kwamba misaada yote ni hila ya wakubwa, na heri imekwisha. Wako wanaolia kwamba bila wafadhili tumekwisha sisi. Sisi tunaona kwamba kauli zote mbili zinaruka jambo lililo la msingi, na historia ya Afghanistan yaweza kutufundisha jambo hilo, kwa kuwa ni nchi chache duniani zilizopokea kiasi kikubwa namna ile katika miaka michache namna ile.

Nchi iliyojeruhiwa

Afghanistan haikuanza kuumia mwaka 2001. Majeshi ya Kisovieti yaliingia Desemba 1979 na kuondoka Februari 1989. Baada yao wakafuata wakuu wa vita wenyeji, ambao katika miaka ya 1992 hadi 1996 waliubomoa mji mkuu, Kabul, wakiugombea mtaa kwa mtaa. Mwezi Septemba 1996 Taliban waliutwaa mji huo. Walipoondolewa madarakani mwishoni mwa mwaka 2001, walioandikishwa shuleni hawakufika milioni moja katika nchi nzima, na wasichana karibu hawakuwamo kabisa.

Mwezi Januari 2002 mataifa yalikutana Tokyo, nchini Japani, na kuahidi zaidi ya dola bilioni 4.5 kwa ujenzi mpya wa nchi hiyo. Mwezi Aprili mwaka huo Rais George W. Bush wa Marekani, akihutubia katika chuo cha kijeshi cha Virginia, alilitaja jina la Jenerali George Marshall, aliyeongoza mpango wa kuinua Ulaya baada ya Vita Kuu ya Pili. Walimwengu wakatumaini kwamba Kabul nayo ingeinuliwa kama zilivyoinuliwa nchi za Ulaya.

Fedha zilikuja, tena nyingi. Mkaguzi maalumu aliyewekwa na Bunge la Marekani mwaka 2008 kufuatilia ujenzi huo alitoa taarifa Agosti 2021, akaeleza kwamba katika miaka 20 nchi yake ilikuwa imetumia dola bilioni 145 kwa kazi ya kuijenga upya Afghanistan, mbali na dola bilioni 837 za vita yenyewe. Tayari mwaka 2014 mkaguzi huyo alikuwa ameonyesha kwamba fedha za Afghanistan, hata baada ya kuzingatia kupanda kwa bei, zilikuwa zimeupita Mpango wa Marshall uliohudumia nchi 16 za Ulaya. Hata hivyo, tarehe 15 Agosti 2021 Taliban waliingia tena Kabul, na jeshi lililojengwa kwa sehemu kubwa ya fedha hizo lilikuwa limetawanyika ndani ya majuma machache. Kulikoni?

Mali nyingi bila mwenye nyumba

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waliopanga ujenzi wa Afghanistan walikaa humo mwaka mmoja au pungufu, kisha wakapokewa na wengine walioanza kujifunza upya. Nyumbani kwao walidaiwa jambo moja: bajeti ya mwaka itumike kabla mwaka haujaisha. Afisa aliyetumia fedha zote alihesabiwa kuwa mchapa kazi. Aliyesema, "Tungoje, wenyeji hawajawa tayari," alionekana kuwa mzembe.

Matunda ya mwenendo huo yameandikwa na mkaguzi huyo huyo, wala si na maadui wa Marekani. Zilinunuliwa ndege 20 za mizigo, zilizokwisha kutumika huko Italia, kwa mpango uliogharimu dola milioni 549. Vipuri vyake vilikuwa taabu kupatikana, na mwaka 2014 ndege 16 kati ya hizo zilikatwakatwa na kuuzwa kama vyuma chakavu kwa fedha zisizofika dola 50,000. Huko Helmand lilijengwa jengo la makao makuu ya kijeshi kwa dola milioni 36, ingawa makamanda waliokuwa mahali pale walikwisha kuomba mwaka 2010 lisijengwe. Halikutumika kamwe. Askari wa Afghanistan walishonewa sare zenye picha ya majani ya msituni, katika nchi ambayo misitu ni kama asilimia 2 tu ya ardhi yake. Sare hizo zilichaguliwa mwaka 2007 kwa kuwa zilimpendeza waziri wa ulinzi wa wakati ule, na mkaguzi alikadiria kwamba gharama ya ziada ilifika hadi dola milioni 28.

Habari hii ya sare yatukumbusha tusiwalaumu wageni peke yao. Wenyeji wenye madaraka nao walijifunza upesi kula katika sahani ile. Walikuwako askari hewa, walimu hewa na shule hewa, na majina haya hayahitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa Kiswahili. Mwaka 2010 ilifichuka kwamba benki kubwa ya Kabul, iliyokuwa ikilipa mishahara ya walimu na askari, ilikuwa imechotwa karibu dola bilioni moja na wenye hisa na jamaa za wakubwa. Mali ikimwagwa kwa haraka penye udhaifu wa sheria huwanenepesha walio karibu na mfereji wake, na wanyonge hubaki na kiu. Kisha wanyonge huichukia serikali inayowaibia, na huyo mwenye bunduki aliyeko mlimani huanza kuonekana afadhali.

Ni haki pia kutaja mema yaliyofanyika, maana ukweli haugawanyiki. Kuanzia mwaka 2003 ulianzishwa mpango wa huduma za msingi za afya, uliofika hadi vijijini kwa njia ya mashirika yasiyo ya kiserikali. Vifo vya watoto wenye umri chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya nusu. Mamilioni ya watoto waliingia shuleni, wasichana wakiwamo. Waliookoka ni watu halisi wenye majina, na mama aliyejifungua salama hatamwambia mtu yeyote kwamba fedha zile zilikuwa bure.

Chakula chenye masharti

Kuna kosa jingine, lililo zito kuliko ubadhirifu. Mwaka 2004, kusini mwa Afghanistan, majeshi yaliyoongozwa na Marekani yalisambaza karatasi zilizowaambia wananchi kwamba, ili waendelee kupata misaada, watoe habari za Taliban na al-Qaida. Mwezi Juni mwaka huo watumishi watano wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka waliuawa katika mkoa wa Badghis. Shirika hilo, lililokuwa limefanya kazi nchini humo tangu wakati wa vita na Wasovieti, likaondoka, nalo lilitaja miongoni mwa sababu zake jambo hili: kuugeuza msaada kuwa silaha kunawafanya watoaji wote waonekane kuwa askari.

Tuukumbuke mfano wa Msamaria mwema. Mara nyingi tunausifu moyo wake wa huruma tu, tukasahau utaratibu wake. Hakumwambia yule majeruhi, "Nitakufunga vidonda ukinionyesha walikokimbilia wanyang'anyi." Alimfunga vidonda kwa kuwa alikuwa na vidonda. Kisha hakujifanya mganga wa siku zote. Alimpeleka kwa mwenye nyumba ya wageni, mtu wa mahali pale, akamkabidhi dinari mbili, akamwamini kuhusu matumizi, na akaahidi kurudi kulipa kitakachozidi. Katika habari hii fupi mna mafundisho matatu kwa serikali yoyote inayotaka kuisaidia nchi iliyovunjwa na vita: isidai malipo kwa majeruhi, imwamini mwenyeji na kumwachia kazi, na isiondoke moja kwa moja.

Kazi iliyokuwa na mwenyewe

Je, jambo hili linawezekana, au ni mahubiri tu? Afghanistan yenyewe inajibu kwamba linawezekana.

Tangu mwaka 2003 serikali ya nchi hiyo, kwa fedha za Benki ya Dunia na za mataifa kadhaa, Marekani ikiwamo, iliendesha Mpango wa Mshikamano wa Kitaifa. Kila kijiji kilichagua baraza lake kwa kura ya siri, wanawake nao wakishirikishwa. Baraza liliketi na wananchi likaamua wanahitaji nini kwanza: kisima, barabara, mfereji au umeme mdogo wa maji. Kijiji kilipewa fedha kulingana na idadi ya familia zake, zisizozidi dola 60,000, nacho kilichangia sehemu yake kwa nguvu au kwa mali. Mpango huo ulifika katika vijiji zaidi ya 30,000. Watafiti walioufuatilia katika vijiji 500 waliona kwamba maji na umeme viliongezeka, na kwamba wanawake walipata nafasi zaidi katika mambo ya kijiji. Waliona pia kwamba imani ya watu kwa serikali, iliyopanda wakati wa mradi, ilififia mradi ulipokwisha. Hata jambo jema linahitaji kuendelezwa.

Tena yupo Tetsu Nakamura, daktari Mjapani na Mkristo, aliyefika Peshawar, Pakistan, mwaka 1984 kuwatibu wenye ukoma, akavuka mpaka kuwafuata wagonjwa wa Afghanistan. Ukame mkubwa wa mwaka 2000 ulimwonyesha kwamba watoto wengi aliowatibu waliugua kwa kukosa maji safi na chakula, wala si kwa kukosa dawa. Mwezi Oktoba 2001 aliitwa mbele ya Bunge la nchi yake, lililokuwa likijadili kupeleka wanajeshi kusaidia vita ile, naye akasema waziwazi kwamba kufanya hivyo kungeleta madhara bila faida. Mwaka 2003, kwa michango ya wananchi wa kawaida wa Japani, alianza kuchimba mfereji kutoka mto Kunar, wenye urefu wa kilometa 25 hivi.

Hakuleta mashine ambazo zingehitaji vipuri kutoka ng'ambo. Alitumia mbinu za kale za banio la mto la huko kwao Fukuoka, akatumia vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, akapanda mierebi kandokando ili mizizi yake ishike kingo. Mkulima wa pale aliweza kuvitengeneza vitu hivyo mwenyewe vikibomoka. Waliochimba walikuwa wakulima wenyewe, na baadhi yao walikuwa wameacha bunduki ili washike sepetu. Mfereji huo pamoja na kazi zilizofuata, ambazo baadaye serikali ya Japani nayo ilizichangia, ulirudisha maji katika zaidi ya hekta 16,000. Tarehe 4 Desemba 2019 Daktari Nakamura alipigwa risasi mjini Jalalabad, akafa pamoja na Waafghanistan watano aliofuatana nao. Serikali iliyomuaga kwa heshima imeanguka, walioipindua wakamheshimu pia, na kazi yake ikaendelea. Banio la mawe halikukimbia mwaka 2021, kwa kuwa lilikuwa mali ya watu waliobaki.

Mlango uliofungwa

Tangu Agosti 2021 majaribu yamegeuka sura. Kabla ya siku hiyo, kama robo tatu ya matumizi ya serikali ya Afghanistan ilitoka kwa wafadhili, na fedha hizo zilikatika karibu kwa siku moja. Akiba ya benki kuu ya nchi hiyo, karibu dola bilioni 7 zilizowekwa Marekani, ilizuiliwa. Mwaka 2022 nusu yake ilihamishiwa katika mfuko maalumu huko Uswisi.

Watawala wapya nao wametenda dhuluma isiyofichika. Wamewafungia wasichana shule za sekondari tangu mwaka 2021, na vyuo vikuu tangu Desemba 2022. Mwezi huo huo waliwakataza wanawake kufanya kazi katika mashirika ya misaada, ilhali katika nchi ile mara nyingi ni mwanamke peke yake awezaye kuingia nyumbani mwa mjane na kumhudumia. Tunalaani jambo hilo bila kigugumizi.

Lakini je, mtoto mwenye utapiamlo aadhibiwe kwa dhambi ya mtawala ambaye hakumchagua? Kwa miaka kadhaa baada ya 2021 Marekani iliendelea kuwa mtoaji mkubwa kuliko wote wa misaada ya dharura nchini humo. Mwaka 2025 ilijiondoa, na mamia ya vituo vya afya vikafungwa kwa kukosa fedha. Mwishoni mwa Agosti mwaka huo tetemeko la ardhi liliua watu zaidi ya 2,000 mashariki mwa nchi, hasa mkoani Kunar. Aliyeipeleka vita mahali fulani kwa miaka 20 hawezi kunawa mikono na kusema kwamba wenyeji sasa wajitegemee. Kuondoka ghafula ni tunda la mti ule ule: msaada ulikuja kwa mahitaji ya mtoaji, na mahitaji hayo yalipokwisha ukaondoka, bila kumwuliza aliyelala chini.

Hapa ndipo tunapopaona pale paliporukwa na wale wanaosema misaada ni hila na wale wanaosema misaada ni uzima. Tusiulize tu msaada ni kiasi gani, au umetoka kwa nani. Tuulize hesabu yake hutolewa kwa nani. Afisa aliyehesabiwa na wakubwa wake tu alijenga jengo lisilokaliwa. Baraza lililohesabiwa na kijiji chake lilichimba kisima. Hata mkaguzi yule hodari, tunayemshukuru kwa ukweli wake, alitoa taarifa kwa Bunge la nchi yake, wala si kwa mjane wa Helmand, ambaye fedha hizo zilitolewa kwa jina lake.

Na sisi je?

Ingekuwa unafiki kuzihukumu serikali kubwa tukajisahau wenyewe. Ni parokia ngapi ambamo pampu ya maji iliyoletwa na wafadhili imesimama na kutu, kwa kuwa hakuna aliyefundishwa kuitengeneza, wala aliyeulizwa kama ndiyo iliyohitajika? Ni mara ngapi taarifa nzuri yenye picha imetumwa Ulaya kwa wakati, na walengwa wa mradi wasisomewe hata ukurasa mmoja? Nasi makasisi tunahusika katika kosa hilo, na tunaomba msamaha.

Yatupasa basi, sisi pamoja nanyi viongozi wa walei, kuanza pale tulipo. Kila mradi wa parokia, uwe wa mahindi ya wenye njaa au wa ada za yatima, usomewe hesabu mbele ya wale unaowahusu, kwa lugha wanayoielewa, nao wawe na haki ya kuuliza. Kamati ya mradi iwe na mjane na mlemavu wenye sauti ndani yake, wasiitwe tu siku ya kupiga picha. Na anapokuja mgeni mwenye fedha na mpango uliokwisha kuandikwa, tuwe na ujasiri wa kumwambia kwa heshima: karibu, keti kwanza, usikilize. Halikadhalika, tusichoke kuwaombea na kuwasemea watu wa Afghanistan, ambao wengi wao si wa dini yetu, maana yule Msamaria naye hakuuliza dini ya majeruhi.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tunathubutu kuongeza kwamba moyo wa kweli hukubali pia kuulizwa maswali na yule aliyepewa. Siku ile ya mwisho sote tutatoa hesabu, serikali na parokia, mtoaji na mpokeaji, na watakaoketi kusikiliza, pembeni mwa Hakimu wa haki, ni wale wadogo ambao kwa jina lao tuliomba fedha.

Amani ya Kristo iwe nanyi nyote.